Ndoto Niliyompa Mgombea

Habari ya kifo cha Mama Paulina ilinifikia ofisini, katikati ya rundo la mitihani ya mwaka wa tatu, na wa kwanza niliyemfikiria hakuwa yeye. Nilijiuliza kama Nasieku atakuwepo mazishini. Naliandika hili mwanzoni kabisa kwa sababu nimechoka kulizunguka. Mwanamke aliyenipa chumba, blanketi la pili na nafasi karibu na jiko lake kwa mwaka mzima alikuwa amelala mochwari, na mimi nilikuwa naogopa kukutana na mpangaji mwenzangu wa zamani. Nimefundisha siasa chuoni zaidi ya miaka ishirini, na wanafunzi wananijua kwa jambo moja. Nawafundisha juu ya viongozi wanaosimama jukwaani na kusema kwamba wao ndio wananchi wenyewe, na kwamba anayewapinga si mwananchi bali adui. Nawaambia huwezi kuzielewa siasa hizo kwa kutazama ilani na kura peke yake. Lazima uulize watu wanampenda nani, wanamwonea nani wivu, na wakilala wanaota nini. Kisha nawapa mfano wa mji mmoja wa kaskazini na mgombea mmoja wa udiwani. Wanafunzi huupenda sana mfano huo. Kila mwaka nauishia pale pale, hatua moja kabla ya mimi mwenyewe kuingia ndani yake.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita nilipokwenda Karatu kufanya utafiti wa shahada ya pili. Mwalimu wangu, mama mpole aliyesoma ng'ambo na kurudi na masanduku ya vitabu, alikuwa amenifundisha uchambuzi wa nafsi: kwamba ndani ya mtu mna mengi asiyoyajua mwenyewe, na hayo hutoka bila ruhusa yake, katika ndoto, katika mzaha, katika ulimi unaoteleza. Alitaka tuyapeleke mawazo hayo kwenye siasa. Kwa nini mkulima mwenye akili zake, anayemjua kila mlaghai sokoni, anamlilia mgombea ambaye hajamfanyia lolote? Mwalimu alitukataza kukimbilia kusema kwamba amedanganywa. Huenda anampenda, alisema, kama mtoto anavyompenda baba anayemdhania kujua kila kitu, na wote wanaompenda mtu yule hujiona ndugu kwa sababu hiyo tu. Tena umati wa namna hiyo huhitaji mtu wa nje, anayedhaniwa kuwa ameiba kitu kitamu ambacho sisi tungekuwa nacho kama si yeye. Niliyaandika maneno haya ndani ya jalada la daftari langu. Nilidhani mtu akishaujua ugonjwa kwa jina lake, hauwezi kumpata.

Nyumba ya Mama Paulina ilikuwa nyuma ya soko, mtaa ambao wakati wa kiangazi vumbi lake jekundu liliingia mpaka kwenye kopo la sukari. Ilikuwa na vyumba vitatu vilivyopangana na baraza moja mbele, na jiko la nje lenye paa la bati lililokuwa jeusi kwa moshi. Mama Paulina, mjane wa Kiiraqw mwenye sauti ndogo na mikono mikubwa, alikaa chumba cha kwanza. Mimi nilipewa cha katikati. Cha mwisho kilikuwa cha Nasieku, mama wa Kimasai kutoka Endulen, aliyenizidi miaka minne au mitano. Kazi yake ilikuwa kupokea samli iliyoletwa na ndugu zake, kuiuza sokoni, na kununua mahindi ya kupeleka nyumbani, maana kule ndani ya hifadhi ya Ngorongoro kilimo kimezuiwa na watu wanakula kinacholimwa huku chini. Kuta zilikuwa nyembamba. Wiki ya kwanza niliwasikia wakinijadili upande wa pili. Mama Paulina alikuwa akisema kwamba huyu msichana anazunguka kuwauliza watu wameota nini, na kwamba yeye mwenye nyumba hajui kama amekaribisha mganga. Nasieku akamjibu kwamba si mganga, kwa kuwa mganga angalau anakupa dawa. Walicheka mpaka nami nikacheka peke yangu kitandani, na kesho yake Nasieku, bila kujua kwamba nilisikia, alinipa kikombe cha maziwa mgando akaniambia, "Kunywa, dada. Kichwa kinachouliza hivyo kinahitaji kushiba."

Tulikula pamoja karibu kila siku. Asubuhi chai ya maziwa na viazi vitamu, mchana makande yaliyochemka tangu alfajiri, na Jumapili, Nasieku akiwa na maziwa ya kutosha, alipika loshoro, mahindi kwenye maziwa mgando, akatutazama tunavyokula kabla ya kula yeye. Ukungu ulikuwa mzito miezi ya katikati ya mwaka, na tulikaa jikoni watatu tumejifunika shuka zake nyekundu, tukiongea Kiswahili kilichochanganyika na Kiiraqw cha mwenye nyumba, lugha niliyokulia nayo mimi pia, na Kimaa cha Nasieku. Ningependa kuandika kwamba tulikuwa marafiki. Neno hilo nililitumia mimi. Yeye sijamsikia akilitumia.

Ni Nasieku aliyenijulisha kwa Mzee Gwaltu. Alikuwa mkulima wa Endabash, mtu wa kuinamisha kichwa akizungumza, na kwa miaka mingi mahindi yake yalikuwa yakienda Endulen kwa mkono wa Nasieku. Kwa sababu ya Nasieku alikubali kuzungumza nami. Nilimfuata kwake mara tatu. Mara mbili za kwanza alinieleza mvua na panya. Mara ya tatu, tukiwa tumekaa juu ya magunia kwenye ghala lake, aliniambia kuna ndoto inayomrudia. Marehemu baba yake anamwita aje kula. Yeye ni mtoto mdogo. Anakaa, ananawa mikono, sahani inakuja, lakini inapofika mbele yake kuna mkono unaipitisha juu ya kichwa chake kwenda kwa mtu mwingine asiyemwona uso. Baba yake anaona na hasemi kitu. Mzee aliyasimulia haya akichezea punje za mahindi, na alipomaliza alisema hajamwambia hata mkewe. Nikamwahidi kwamba ndoto yake itabaki kwenye daftari langu, bila jina, na hakuna mtu Karatu atakayeisikia. Nilisema hivyo nikimtazama machoni.

Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi, na mgombea aliyekuwa midomoni mwa watu wote aliitwa Bwana Hhando, ingawa watu walimwita Mtu Wetu. Alikuwa dereva wa magari ya watalii aliyeachishwa kazi, mrefu, mcheshi, mwenye kumbukumbu ya ajabu ya majina ya watoto wa watu. Jambo nililolitambua mapema, na ambalo niliona fahari kulitambua, ni neno lake moja. Hakusema serikali, hakusema matajiri, hakutaja kabila. Alisema "wa juu". Wa juu wanakula, nyie mnanusa. Aliyekasirishwa na ofisa wa ardhi alimsikia ofisa wa ardhi. Aliyefukuzwa hotelini alimsikia mwenye hoteli. Aliyegombana na wafugaji aliwasikia wafugaji, kwa kuwa wao kweli walishuka kutoka juu, ng'ambo ya lango la hifadhi. Niliandika kurasa nne kuhusu neno hilo: kwamba nguvu yake ni utupu wake, kwamba kila mtu anamimina humo uchungu wake mwenyewe na kisha wote wanadhani wanazungumza juu ya kitu kimoja. Zilikuwa kurasa nzuri. Mpaka leo naona zilikuwa nzuri.

Jumapili moja baada ya ibada Bwana Hhando alikuja kwa Mama Paulina kuomba kura, na Mama Paulina, ambaye hakumpenda lakini asingeweza kumnyima mgeni chakula, alimchinjia kuku. Tulikula barazani. Nasieku alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jiko, akimpokea mgeni kwa heshima na kutusogezea chumvi. Mgombea alinigeukia. Alikuwa amesikia habari zangu, alisema. Msomi anayeulizia ndoto za watu, tena binti wa nyumbani anayesema Kiiraqw. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba msaada wa kweli, ni nini hasa wananchi wananiambia ambacho yeye hakisikii. Tangu nifike hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza nimegundua nini. Mwalimu wangu alikuwa mbali, barua zake zilichelewa, na wenyeji waliniona kichekesho. Nikamweleza. Nilianza kwa tahadhari, kwa nadharia, nikamwambia kwamba watu hawalilii umaskini peke yake, bali wana hisia kwamba kulikuwa na utamu fulani uliokuwa wao na mtu mwingine anaula. Aliacha kutafuna. Aliniomba mfano. Nikampa ndoto ya Mzee Gwaltu yote, baba, sahani, mkono unaopita juu ya kichwa. Sikutaja jina, na siku ile hilo lilinitosha. Kisha, kwa kuwa bado alikuwa ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa mgombea, nikaongeza sentensi niliyokuwa nimeitunga usiku uliotangulia na ambayo niliionea fahari: "Utamu wao haukupotea. Upo, na kuna anayeula." Alirudia polepole, mara mbili. Mama Paulina alisimama akaanza kukusanya sahani wakati watu hawajamaliza.

Mkutano ulifanyika wiki iliyofuata kwenye uwanja wa mpira, mchana wa jua kali, upepo ukilivuta vumbi juu ya vichwa vya watu. Nilikwenda na daftari. Mama Paulina na Nasieku walikwenda pia, wakasimama pembeni karibu na wauza miwa. Bwana Hhando alianza kwa salamu na utani kama kawaida yake. Kisha akasema kwa Kiiraqw kwamba anajua wanachoota. Uwanja ukatulia. Akawaeleza ndoto. Baba anakuita. Umenawa mikono. Sahani inakuja, na mkono unaipitisha juu ya kichwa chako, inakwenda juu. Alinyoosha mkono wake kuelekea milima ya Ngorongoro, iliyokuwa imefunikwa na wingu, na kila kichwa kikageuka kuufuata. "Utamu wenu haukupotea," akasema. "Upo, na kuna anayeula." Hatua chache mbele yangu alikuwa Mzee Gwaltu, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kola. Nilimsikia akimwambia jirani yake, "Huyu anatujua. Huyu ametumwa." Hakufikiria hata kidogo kwamba ametangazwa. Kwake ilikuwa ni mtu aliyemwona mpaka ndani ya moyo, tofauti na baba wa ndotoni aliyeona asiseme kitu.

Hapa ndipo ninapowaachia wanafunzi wangu. Nawaeleza machozi ya mzee, nawaonyesha jinsi kiongozi anavyoshika nafasi ya baba anayejua, na kengele ya kipindi hulia. Kilichofuata ni kwamba daftari lilianguka na mimi nikapiga kigelegele. Sikuamua. Kilitoka tumboni, kirefu, na wanawake walionizunguka wakakipokea, na kwa muda huo nilikuwa ndugu yao wote, nikiwa nimebanwa mabega na watu nisiowajua, nikinyoosha mkono kuelekea milimani kama wao. Maneno yangu yalikuwa yanarudi kwangu kutoka vinywani mwa umati mzima. Nilipogeuka, bado mdomo uko wazi, nilikutana na macho ya Nasieku pale kwenye miwa. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi. Kisha akavuta shuka lake kichwani akaondoka, na Mama Paulina akamfuata.

Siku ya mnada uliofuata, soko kubwa la mji, hakuna mkulima aliyekubali kumuuzia Nasieku mahindi. Nilikuwepo, nimekwenda kama kawaida kuangalia na kuandika. Alipita gunia hadi gunia akisalimia watu aliowajua kwa majina, na kila mmoja alimwambia yameshaagizwa. Alipofika kwa Mzee Gwaltu aliweka chini debe lake la samli kupumzika, kama alivyozoea. Mzee hakumtukana. Aliinamisha kichwa chake na kusema, "Mwaka huu hapana, mama. Mwaka huu tunakula sisi." Vijana wawili waliokuwa nyuma yake wakacheka, na mmoja akalisukuma debe kwa mguu. Samli ilimwagika kwenye vumbi, ikatanuka polepole, ya njano, na watu wakarudi nyuma wasichafue viatu. Nasieku alipiga magoti akaanza kuichota kwa viganja, ile ya juu isiyogusa mchanga. Kati yangu na yeye kulikuwa na hatua zisizofika kumi. Ningeweza kwenda. Ningeweza kumwambia Mzee Gwaltu mbele ya wote kwamba mgombea hakutumwa na mtu, kwamba ndoto ile niliitoa mimi juu ya sahani ya kuku. Ningeaibika mimi na labda mambo yangetulia. Nilisimama pale pale. Mama Paulina ndiye aliyekuja kutoka upande wa nyanya, akapiga magoti kwenye matope yale ya mafuta akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani, akachota naye.

Ningekuwa nasimulia habari ya woga tu, ningeishia hapo, na woga watu huuelewa. Lakini alasiri ile ile nilibisha mlango wa Nasieku. Alikuwa amekaa kitandani, mikono yake bado inang'aa kwa samli. Nilimpa pole. Nikakaa kwenye kiti chake, nikafungua daftari, na nikamwomba anieleze anajisikiaje. Nilimuuliza kama kitendo kile kilimkumbusha jambo lolote la utotoni. Nilijiambia kwamba nampa nafasi ya kusema, kwamba sauti yake isipoandikwa itapotea. Kwa kweli nilikuwa nimeshaona sura ya tano ya tasnifu na nilihitaji upande wa pili. Alinijibu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote, kwamba alinijibu, taratibu, kwa adabu ya mtu anayemjibu mgeni, na mimi nikaandika mpaka Mama Paulina aliposimama mlangoni na kusema, "Funga hilo daftari, mwanangu." Alikuwa akiniita mwanangu tangu nifike. Baada ya siku hiyo aliniita mwalimu.

Nasieku aliondoka kabla ya mwezi kwisha. Bwana Hhando alishinda, akakaa miaka yake mitano, hakupeleka sahani kwa mtu yeyote, na wananchi wake walimsahau kama alivyowasahau. Mimi nilirudi chuoni. Tasnifu yangu ilisifiwa, hasa sura ya tano, na mwalimu wangu alisema ni mara chache mtafiti anakuwa karibu hivyo na umati huku akibaki nje yake. Humo Nasieku ni "mfugaji mwanamke, mwenye umri wa miaka thelathini". Mimi simo kabisa. Kazi niliipata kwa sababu ya tasnifu ile, na kwa hiyo naweza kusema kwamba tangu hapo nimekula samli yake kila siku.

Tulimzika Mama Paulina nyumbani kwao Endabash, Jumamosi, baada ya mvua. Nilimwona Nasieku tangu kanisani. Amekuwa mzee, amenyooka, na watoto wa marehemu walimweka mbele pamoja na ndugu wa damu. Baada ya chakula alikuja mwenyewe pale nilipokaa nyuma ya turubai, akakaa kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa wazi. Tulisalimiana kirefu, mifugo, watoto, afya. Aliniambia kwamba alirudi Karatu baada ya miaka miwili kwa sababu kule juu watu walikuwa na njaa, na kwamba Mama Paulina alikuwa amekiacha chumba chake bila mpangaji muda wote. Mzee Gwaltu alimuuzia tena mahindi mpaka alipofariki. Hawakuwahi kulizungumzia.

Nilimwambia kuna jambo sijawahi kumwambia, juu ya ile ndoto na maneno ya mgombea. Akainua mkono kidogo. "Dada, mimi nilikuwa mlangoni," akasema. "Nilikusogezea chumvi wewe ukisema." Basi miaka yote niliyokuwa nimebeba siri, nilikuwa nimeibeba peke yangu. Nikaanza kumweleza. Nilimweleza umati ni nini, kwa nini mtu mzima humtafuta baba jukwaani, kwa nini uchungu usio na jina hutafuta uso wa mtu wa karibu. Niliongea vizuri, nimefanya kazi hiyo maisha yangu yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameweka mikono juu ya fimbo yake.

"Hiyo ni habari ya wale," akasema. "Wale nilishawaelewa pale pale, walikuwa na njaa. Mimi nilikuona wewe unapiga kigelegele. Wewe ulikuwa na nini?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kitabuni na nilianza moja. Sikulimaliza. Watu walikuwa wanakunja maturubai nyuma yetu. Nikamwambia kwamba nilifurahi. Nilimwambia kwamba sijawahi kufurahi vile kabla wala baadaye, na kwamba hata nilipomwona anaondoka, na nikajua kwa nini anaondoka, furaha ile haikukatika mara moja. Iliendelea kidogo.

Nasieku aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu alilolihitaji. Hakusema amenisamehe na mimi sikuomba. Alisimama kwa kuegemea fimbo, akasema gari la Endulen halisubiri, akanipa mkono. Nilibaki nimekaa mpaka kijana mmoja wa familia alipokuja kuniomba kiti.